Mjadala: Aliyeachiwa huru akatwe ada ya dhamana?

Wakili wa Pwani:
Nianze na hesabu. Jimbo la Illinois, Marekani, lilikuwa na sheria ya dhamana iliyoanza kutumika Januari 1964. Hakimu akitaja dhamana ya dola 5,000, mshtakiwa aliweka asilimia 10 tu, yaani dola 500, kwa karani wa mahakama, akatoka. Kesi ikiisha na hakukosa tarehe hata moja, alirudishiwa dola 450. Zile 50 zilibaki mahakamani, hata kama ameonekana hana hatia. Mwenye uwezo wa kuweka dola 5,000 zote hakukatwa senti.

Makato hayo yalipingwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Schilb dhidi ya Kuebel. Dhamana dola 750, amana 75, makato 7.50. Shtaka moja mshtakiwa alishinda, jingine akapigwa faini ya dola 20. Desemba 1971 majaji wanne dhidi ya watatu wakasema makato ni halali. Nasema walikosea. Serikali ndiyo iliyomshtaki mtu huyu. Ikishindwa kuthibitisha, gharama za kumshtaki ni za serikali yenyewe.

Rejista:
Umeruka hali iliyokuwepo kabla. Zamani mtu wa Illinois alikwenda kwa mfanyabiashara wa udhamini, yaani anayewawekea watu dhamana kwa malipo, akamlipa asilimia hiyohiyo 10, na haikurudi ashinde asishinde. Kwa dhamana ya dola 5,000 alikuwa anapoteza 500. Sheria mpya ilimkata 50 na kuwaondoa wafanyabiashara hao sokoni. Hiyo ni nafuu kubwa kwa maskini.

Halafu makato si adhabu. Mwaka 1966, katika Giaccio dhidi ya Pennsylvania, mahakama hiyohiyo ilifuta sheria iliyoruhusu baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kumtwisha gharama mtu waliyemwona hana hatia, kwa sababu haikuwapa kipimo chochote. Illinois ilikuwa tofauti: kila aliyetumia njia ya asilimia 10 alikatwa, mwenye hatia na asiye nayo, kwa kiwango kilichojulikana kabla hajatia saini. Kupokea amana, kutoa stakabadhi, kutunza fedha na kuandika hundi ni kazi, na kazi hugharimu.

Wakili wa Pwani:
Kazi hiyo haifanyiki kwa aliyeweka kiasi kizima? Naye anapewa stakabadhi, naye anaandikiwa hundi. Majaji walijibu kwamba fedha nyingi zikikaa mahakamani zinaweza kuzaa riba, hivyo gharama inajifidia. Lakini sheria ileile iliruhusu kuweka ardhi yenye thamani mara mbili ya dhamana. Ardhi haizai riba kwenye kabati la karani, na kuihakiki ni kazi zaidi ya kuhesabu noti. Mwenye ardhi hakukatwa kitu. Hapo hoja ya gharama inavunjika, na anayebaki analipa ni yule aliyekuwa na dola 500 tu.

Binti Daftari:
Kwangu tatizo kubwa ni asilimia yenyewe. Dhamana ikiwa dola 1,000, makato ni 10. Ikiwa 1,000,000, amana ni 100,000 na makato 10,000, kwa fomu ileile na karani yuleyule. Ada ya huduma hupimwa kwa huduma. Hoja hii ilipelekwa mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Chicago katika Platt dhidi ya Brown, na mwaka 2017 ikakataliwa: ilitosha serikali kuwa na sababu inayoingia akilini, hata kama hesabu hailingani na gharama halisi. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuweka kikomo cha dola 100 kwa kaunti zenye watu zaidi ya milioni 3, yaani Cook, kaunti ya Chicago, peke yake.

Na kuna jambo ambalo familia hugundua limechelewa. Illinois ilihesabu amana kuwa mali ya mshtakiwa, hata kama aliyelipa ni mama yake. Kwa hiyo kabla ya kurudishwa iliweza kukatwa faini, gharama za kesi na hata malipo ya wakili. Mama aliyekopa dola 500 asitarajie 450 mkononi.

Rejista:
Kwenye asilimia nakubali, kiwango kimoja kwa wote kingekuwa sawa zaidi. Lakini futeni ada bila kutenga bajeti ya ofisi ya karani, mtaona marejesho yanavyochelewa.

Wakili wa Pwani:
Bajeti ni kazi ya bunge. Tanzania tunasema dhamana ni bure, na kwa makosa mengi mdhamini anasaini bondi bila kutoa fedha. Anadaiwa pale tu mshtakiwa anapotoroka. Illinois yenyewe ilifuta dhamana ya fedha tarehe 18 Septemba 2023. Uamuzi wa 1971 haukufutwa, na anayetaka kupinga makato ya aina hiyo katika jimbo jingine atakutana nao. Ndiyo maana nashauri aanze na katiba ya jimbo lake, kwani mahakama za jimbo zinaweza kuisoma katiba yao kwa kumlinda mshtakiwa zaidi ya ile ya shirikisho.