Naombeni ushauri: kazi ninayo, ila sijui nimeletwa duniani kufanya nini

Nuru_ya_Jioni:
Habari zenu wakuu. Jambo hili nimelibeba muda mrefu, naombeni mnisome hadi mwisho.

Mimi ni mwanamke, nimevuka miaka thelathini, ni mhasibu. Mshahara unanitosha, afya ninayo, nyumbani kuna amani. Lakini nikibaki peke yangu swali ni lilelile: hivi ni hili tu? Nije duniani, nifunge mahesabu ya kampuni kila mwisho wa mwezi mpaka nistaafu?

Nina rafiki yangu mkunga. Akisimulia zamu ya usiku, unaona kabisa huyu yuko mahali pake. Mimi sijawahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Nilijiunga na kwaya nikaacha. Nikajifunza ushonaji, nao nikauacha, kisha Kifaransa, nacho hivyohivyo. Mwanzoni kila kitu kinanisisimua, kikianza kuwa kigumu najiambia basi, hiki nacho sicho.

Siku nzuri zipo, sikatai. Juzijuzi aliajiriwa binti mmoja, mhasibu mgeni, salio la benki likawa halikubaliani na vitabu vyake, akakaribia kulia. Nikakaa naye mstari kwa mstari mpaka tukakuta hundi moja imeandikwa mara mbili. Nikamwacha atafute kosa la pili mwenyewe, na akalipata. Nilipoinua macho ofisi ilikuwa imebaki tupu, hata sikuona saa zinakwenda. Lakini hayo ni mambo madogo, huwezi kuyaita kusudi la maisha.

Mliolijua kusudi lenu, mlilijuaje? Na je, niache kazi nikalitafute?

Nanga:
Dada, usiache kazi. Ukiacha leo, kuanzia kesho akili yote itahangaika na kodi ya nyumba, na hutapata nafasi ya kujisikiliza.

Mimi nimeguswa zaidi na pale uliposema kitu kikiwa kigumu unahesabu kwamba sicho. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo. Wanafunzi walionyeshwa video nzuri kuhusu mashimo meusi ya angani, wakasisimka. Kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi kuhusu mada ileile. Walioamini kwamba mtu huzaliwa na mapenzi yake yakiwa tayari, kazi yake ni kuyagundua tu, hamu yao ilishuka zaidi ya wale walioamini kwamba mapenzi hukuzwa. Ugumu ulikuwa uleule, kilichowatofautisha ni walivyoutafsiri. Huenda kwaya haikuwa yako kweli, sijui. Ila huwezi kulijua hilo kwa kuondoka mlangoni.

Mtumishi:
Bwana asifiwe dada. Mimi naamini Mungu hamleti mtu bure, kwa hiyo omba, tena omba kwa bidii. Lakini usisubiri upewe picha yote ndipo uanze. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza, aliandika kwamba Mungu alimwita mwaka 1837, akiwa na miaka 16, na hakuambiwa ni kwa kazi gani. Familia yake ilipinga uuguzi kwa miaka mingi. Nafasi yake ya kwanza ya kuongoza hospitali ndogo aliipata mwaka 1853, na mwaka uliofuata ndipo akaenda kuuguza askari katika vita vya Crimea. Hiyo miaka ya katikati hakukaa bure, alikuwa akisoma na kutembelea hospitali. Wewe unajilaumu kwa kutokujua leo, kana kwamba muda umekwisha.

Baraza:
Naomba nitofautiane kidogo. Nani kasema kila mtu lazima awe na kusudi moja kubwa lenye jina? Wapo watu wamelea watoto, wameuguza wazazi, wamekuwa majirani wa kutegemewa, na neno kusudi hawajawahi kulitamka. Maisha yao yana uzito kuliko ya wengi wanaojitangaza. Nahofia unateseka kwa sababu ya kujilinganisha na mkunga, na huyo hujui anajiuliza nini akiwa peke yake.

Zamu_ya_Usiku:
Dada, nikuulize kwa upendo: unalala vizuri? Chakula kinapita? Kama hata vile ulivyovipenda havina ladha tena, na hali hiyo imekaa wiki kadhaa, kamwone daktari au mshauri wa afya ya akili kwanza. Sonona huweza kuvaa sura ya swali la kusudi, na kutafakari peke yake hakuiondoi.

Mwalimu_Mstaafu:
Binti yangu, nimerudia kusoma ulichoandika. Wote wamekupa maneno mema, ila wamepita juu ya yule mhasibu mgeni, na wewe mwenyewe umemwita jambo dogo. Mimi naona ndiye habari yenyewe.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali moja Marekani. Kazi ileile, ndoo zilezile. Wapo waliosema wao ni kusafisha tu. Wengine walijiona ni sehemu ya uponyaji: wakizungumza na wagonjwa, wakiwaelekeza wageni waliopotea njia. Hakuna aliyewaongezea mshahara kwa hayo.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna aliyepitia kambi za mateso za Wanazi, na humo akapoteza mke, wazazi na kaka, alifundisha kwamba sisi tunauliza maisha yana maana gani, kumbe maisha ndiyo yanayotuuliza, na tunajibu kwa tunachokitenda. Siku ile uliulizwa, ukajibu bila kujua.

Sasa niambie. Kilichokusahaulisha saa ni kulipata kosa, au ni yule binti kuelewa?

Nuru_ya_Jioni:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Zamu_ya_Usiku, nalala na ninakula, asante kwa kuuliza.

Mwalimu, shikamoo. Makosa nayapata kila wiki na hayanipi chochote. Ni yule binti. Alipolipata la pili aliacha kunitazama mimi, akaanza kuitazama karatasi. Sijui nilielezeje, ila ningependa kuliona tena.

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba. Basi usitangaze kitu, wala usikipe jina bado. Omba kazini uwe unawapokea na kuwafundisha wafanyakazi wapya wote wa idara. Nje ya kazi, tafuta mwenye biashara ndogo asiyejua kuweka hesabu, umfundishe bure. Kila ukimaliza, andika kilichokuchosha na ulichotamani kiendelee. Baada ya miezi kadhaa yasome uliyoandika, si hisia za siku moja.

Nanga:
Naongezea: usichague mwanafunzi mwepesi. Yule anayerudia swali lilelile ndiye atakayekufikisha pale unapoachiaga vitu. Akikuchosha, rudi naye kesho yake, ndipo uamue.

Nuru_ya_Jioni:
Yupo mmoja ofisini wa namna hiyo, wenzangu wameshamkatia tamaa. Jumatatu namwomba bosi nikae naye. Nitarudi hapa kuwaambia, hata kama itakuwa ngumu.