Kapkeki za chokoleti za kupeleka Pangani: ni aisingi ipi itakayohimili joto la kaskazi?

Mwana wa Chumbageni

Assalaam alaykum, ndugu zangu wapishi. Nimepewa oda ya kapkeki 60 za chokoleti kwa ajili ya mahafali ya watoto wa madrasa yatakayofanyika Pangani siku ya Jumamosi, nami nitazioka nyumbani kwangu hapa Tanga mjini na kuzipeleka kwa gari asubuhi ileile. Keki yenyewe hainipi wasiwasi. Ninachoombea ushauri ni aisingi ya juu, kwa sababu mwenye shughuli amenionyesha picha ya kapkeki zilizopambwa kwa krimu ya chokoleti iliyozungushwa ikapanda juu kama kilemba, naye angependa za kwake ziwe hivyohivyo.

Hali ya huko mnaijua. Tumo ndani ya kaskazi, joto la mchana linafika nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu, hakuna friji mahali pa shughuli, na watoto hawatakula mpaka baada ya sala ya alasiri. Nasitasita baina ya krimu ya siagi iliyotiwa kakao na ganashi ya chokoleti, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya maziwa ya moto. Vyombo nilivyo navyo ni friji ya kawaida, mashine ya mkono ya kuchapia na mizani. Naomba anayejua anieleze pamoja na sababu zake, maana nikiishia kutajiwa aina peke yake sitaweza kumweleza mteja wangu kwa nini nimebadilisha alichotaka.

Mama Keki wa Ngamiani

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua vitu.

Jambo la kuangalia kwanza ni mafuta yaliyomo katika aisingi na kiwango cha joto ambacho mafuta hayo huyeyuka. Siagi halisi ya maziwa, ambayo takriban asilimia 80 yake ni mafuta, huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, lakini huanza kulegea mapema zaidi, katika nyuzi za ishirini na kitu, na hapo ndipo maua yanapoanza kulala. Kwa hiyo krimu ya siagi uliyoizungusha saa mbili asubuhi ikiwa imara, ukaipitisha katika barabara ya Pangani ndani ya gari lililofungwa vioo, itafika ikiwa imeinama, na ikifika alasiri itakuwa imetiririka kwenye vikaratasi. Kuongeza sukari ya unga kunasaidia kidogo tu, kisha utamu unazidi hadi chokoleti haisikiki tena.

Wapo wanaobadilisha nusu ya siagi kwa mafuta ya kupikia ya mgando, na hilo kweli huipa krimu nguvu ya kusimama, kwa kuwa mafuta hayo huhitaji joto kubwa zaidi ili yayeyuke. Lakini sababu hiyohiyo huyafanya yasiyeyuke vizuri mdomoni, yakaacha utando kwenye kaakaa. Mimi siyapendi kwenye aisingi ya chokoleti, ingawa sitamlaumu anayeyatumia kwa sherehe ya nje.

Ushauri wangu ni ganashi, ila iwe nzito. Wengi huchukua uzito sawa wa chokoleti na krimu ya maziwa, na kipimo hicho kinafaa kumiminia keki itakayokaa kwenye friji, lakini hakifai kwa safari yako. Tumia chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa sehemu moja ya krimu, kwa kupima uzito na si kwa vikombe. Katakata chokoleti iwe vipande vidogo sana, pasha krimu hadi vipovu vionekane pembeni mwa sufuria bila kuiacha ichemke kwa nguvu, imimine juu ya chokoleti, uiache dakika mbili au tatu, kisha koroga polepole kuanzia katikati. Ikigawanyika ukaona mafuta yakijitenga, usiitupe; ongeza maziwa ya uvuguvugu kijiko kimojakimoja huku unakoroga, nayo itarudi kushikana. Iache ipoe hadi iwe nzito ya kupakika kwa kisu, na usiichape kwa mashine, kwa sababu ganashi iliyochapwa hujaa hewa na hulegea upesi zaidi kwenye joto.

Kilemba kirefu mwambie mteja wako akisahau. Tabaka la wastani lililopakwa kwa kisu na kuchorwa mawimbi machache linapendeza vya kutosha.

Mpishi wa Raskazone

Nakubaliana na Mama Keki kuhusu siagi, lakini ganashi kwa oda hii ina matatizo mawili ambayo naona hakuyagusa.

La kwanza ni gharama. Ukiweka gramu 20 tu juu ya kila keki, kapkeki 60 zitahitaji kilo moja na gramu 200 za ganashi, ambazo kwa kipimo chake ni gramu 800 za chokoleti nyeusi na gramu 400 za krimu. Chokoleti halisi na krimu ya maziwa ni vitu ghali, na kwa bei ambayo watu wa mahafali ya madrasa huwa tayari kulipa kwa keki moja, faida itaishia kwenye aisingi. La pili ni kwamba mafuta ya kakao yaliyomo ndani ya chokoleti nayo huyeyuka karibu na nyuzi 34. Ganashi nzito itasimama vizuri ikiwa kivulini kwenye nyuzi 30, lakini ndani ya gari lililoegeshwa juani haitakuwa na tofauti kubwa na siagi.

Zipo chokoleti za bei nafuu ambazo mafuta yake ya kakao yameondolewa na badala yake yakatiwa mafuta ya mawese au ya kokwa za mawese. Hizo huhimili joto zaidi, na msomaji wa lebo atazitambua kwa kuwa mafuta ya mimea yametajwa miongoni mwa viungo. Kwa ladha, ni chokoleti kwa rangi tu.

Mimi ningepika aisingi ya kuchemsha, ambayo haihitaji chokoleti wala krimu. Yeyusha gramu 115 za siagi kwenye sufuria pamoja na vijiko vinne vya mezani vya kakao na vijiko sita vya mezani vya maziwa, ukoroge hadi mchanganyiko uchemke, kisha uuepue na uingize gramu 450 za sukari ya unga iliyochekechwa, chumvi kidogo na vanila. Itakuwa laini, inang'aa na inamiminika. Chota kijiko, imwage juu ya keki iliyopoa kabisa, nayo itajitandaza yenyewe na baada ya muda itashika na kufanya ganda jembamba juu huku ndani ikibaki laini.

Sababu ya kusimama kwake ni kwamba kinachoishikilia si mafuta. Katika krimu ya siagi ya kawaida, ambayo sukari ni mara mbili ya siagi, theluthi moja ya uzito ni siagi, na umbo lote limebebwa na mafuta hayo. Yakilegea, kila kitu kinalegea. Katika hii ya kuchemsha siagi haifiki hata moja ya tano ya uzito wote. Sukari iliyolowana na maziwa kidogo hukauka juu ikawa ganda, na ganda hilo haliyeyuki kwa nyuzi 35. Kipimo nilichotaja kinatosha keki 25 hivi, basi utahitaji kukizidisha mara mbili na nusu. Lakini kipike kwa awamu, kwa kuwa hushika upesi na sufuria kubwa itakugandia kabla hujafika nusu ya keki.

Angalizo la pwani: sukari hunyonya unyevu. Ziweke keki mbele ya feni mpaka ganda lishike kabisa ndipo uzifunike, vinginevyo aisingi itanata kwenye kifuniko cha boksi.

Mama Keki wa Ngamiani

Kwa hesabu ya gharama sina la kubisha. Ladha ndiyo ninayoitetea: aisingi ya kuchemsha ni tamu sana, na mtu mzima akila moja hatarudia. Kama sehemu ya keki hizo ni za walimu na wageni, ningemshauri atengeneze ganashi kidogo kwa ajili yao, azisafirishe kwenye kisanduku cha barafu, na za watoto apike hiyo ya kuchemsha.

Binti Mkwaja

Naomba niulize ndani ya swali la mwenzangu. Huku kwetu krimu ya maziwa haipatikani kirahisi, lakini nazi hazitupi shida. Je, tui la kwanza haliwezi kushika nafasi ya krimu kwenye ganashi? Na malai yanayoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa?

Mpishi wa Raskazone

Tui zito linafaa, na ladha yake inapatana sana na chokoleti nyeusi, hasa ukitia iliki kidogo. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, na ndiyo maana chupa ya mafuta ya nazi hapa kwetu ni maji karibu mwaka mzima na huganda tu siku za baridi ya kusi. Ganashi ya tui itakuwa laini zaidi kuliko ya krimu hata ukipima sawasawa, kwa hiyo ongeza chokoleti hadi sehemu mbili na nusu kwa moja ya tui, na uitumie kwa keki zitakazoliwa nyumbani. Tui bichi pia huchacha haraka, basi lichemshe kwanza. Kwa mahafali ya Pangani nisingelipeleka.

Malai siyashauri. Yana mabonge ya protini iliyoshikana, na hata ukiyachuja hutajua yana mafuta kiasi gani, hivyo kipimo chako hakitakuwa kilekile kila mara. Ukikosa krimu, ni afadhali uchanganye maziwa ya moto na siagi kidogo.

Mwana wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenye shughuli, nikamweleza habari ya siagi na joto, naye ameridhia tabaka la kumiminia mradi keki ziwe na kitu cha kupendeza juu. Nitafanya kama alivyosema Mama Keki: 50 za watoto kwa aisingi ya kuchemsha na 10 za wageni kwa ganashi.

Yamebaki mambo mawili. Kakao niliyonunua ni nyeusi sana na pakiti inaeleza kuwa imetiwa alkali. Je, niitumie kwenye keki yangu ambayo huinuliwa kwa bekin soda? Na vanila: chupa niliyo nayo inaonyesha kuwa ina kileo, nami siwezi kupeleka kitu cha aina hiyo kwenye shughuli ya madrasa.

Mama Keki wa Ngamiani

La vanila ni jepesi. Nunua vanila ya unga, au ile ya maji ambayo lebo yake inaeleza wazi kwamba haina kileo, na usome mpaka mwisho kwa kuwa baadhi huandikwa kwa herufi ndogo mno. Ukikosa zote mbili, iliki iliyosagwa laini au mdalasini vinatosha. Kagua na vipambo, kwa sababu vile vya kutafunika huenda vikawa na jelatini isiyotajwa imetokana na mnyama gani.

La kakao linahitaji uangalifu zaidi. Kakao ya asili ina uchachu, na uchachu huo ndio unaoiamsha bekin soda itoe gesi inayoinua keki. Iliyotiwa alkali imeondolewa uchachu. Njia hiyo ilianzia Uholanzi, kwa familia ya Van Houten, katika karne ya 19. Ukiitumia pamoja na soda peke yake, keki haitainuka vizuri na itabaki na ladha ya sabuni. Una njia mbili: utumie bekin pauda badala ya soda, au uendelee na soda lakini utie maziwa mgando, ambayo uchachu wake utafanya kazi iliyokuwa ya kakao.

Mimi hutumia vyote viwili. Kwa kapkeki 15 napima unga wa ngano gramu 125, kakao gramu 35, sukari gramu 200, kijiko cha chai kimoja cha bekin pauda, nusu kijiko cha chai cha bekin soda, chumvi kidogo, yai moja, mililita 120 za maziwa mgando na mililita 60 za mafuta ya maji, na mwisho kabisa mililita 120 za kahawa chungu ya moto. Kahawa haisikiki, ila inaifanya chokoleti isikike. Mchanganyiko utakuwa mwepesi kama uji na usikushtue. Jaza vikaratasi hadi theluthi mbili, oka kwa nyuzi 175 kwa dakika 18 hadi 22. Anayeoka kwa mkaa apalie moto juu uwe mwingi kuliko wa chini, ila usizidi, maana keki ndogo hupasuka vichwa moto ukiwa mkali. Mafuta ya maji yanafaa kuliko siagi hapa kwa sababu keki haikakamai ikipoa.

Binti Mkwaja

Kwa vipambo vya juu, korosho zilizokaangwa na kupondwa zinapendeza sana kwenye kahawia ya chokoleti. Zinyunyizwe aisingi ikiwa bado mbichi, kabla ganda halijashika, la sivyo zitadondoka zote njiani.

Mpishi wa Raskazone

Ni wazo zuri, lakini kwa watoto wengi wasiofahamika ningeuliza kwanza, kwa kuwa wapo wanaodhurika na korosho au karanga. Nazi kavu iliyokunwa ina usalama zaidi, hata kama hakuna kitu salama kwa wote.

Na zile 10 za ganashi, zikitoka kwenye kisanduku cha barafu usifungue boksi lake papo hapo. Hewa ya pwani ikigusa kitu cha baridi huacha matone ya maji, na matone hayo huacha madoa meupe juu ya chokoleti. Boksi likae limefungwa kivulini nusu saa au zaidi, hadi keki zikaribie joto la chumba, ndipo uzipange kwenye sinia.