Malaika harusini: mwanamke aimbe "ningekuoa" au abadilishe?

binti_wa_ukumbini (Tanga)

Wakuu, habari zenu. Nina swali limeninyima usingizi wiki nzima, na Jumamosi ijayo ndiyo siku yenyewe.

Mimi ni muimbaji wa bendi ya harusi hapa Tanga. Tuko watano: kinanda, solo, besi, ngoma na mimi. Wiki iliyopita baba wa bibi harusi alikuja mwenyewe mazoezini, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatusikiliza nyimbo mbili bila kusema neno. Halafu akasema ana ombi moja tu: maharusi wakiingia ukumbini tuwapigie Malaika. Akatueleza na sababu. Kijana alipoleta posa miaka mitatu iliyopita hakuwa na kazi, na ukoo ukataja mahari ambayo mzee mwenyewe anakiri ilikuwa kubwa mno. Kijana akahangaika, akawa analeta kidogo kidogo. Binti akamsubiri. Wakati anasimulia, mzee alikuwa akivua kofia na kuivaa tena, akivua na kuivaa, na nikaona kwamba jambo lile bado linamuuma.

Nikakubali palepale. Shida ikaanza tulipoanza kuupanga.

Kwanza, mwenzangu wa ngoma akasema: dada, huu ni wimbo wa mtu aliyekosa. Anampenda, hana mali, hamuoi. Utamwimbiaje bwana harusi ambaye pete iko mfukoni? Nilikosa jibu, kwa sababu anasema kweli. Ukiusikiliza neno kwa neno, hakuna harusi mle ndani. Kuna "ningekuoa", na hiyo "nge" ndiyo imebeba huzuni yote.

Pili, ni neno hilohilo. Mimi ni mwanamke. Kwa Kiswahili chetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Nikisimama mbele ya wakwe na ukumbi mzima nikaimba "ningekuoa", ninakuwa nani? Nimejaribu "ungenioa". Silabi ni tano kama zile za mwanzo, zinakaa kwenye tyuni bila kusukumana. Lakini mstari unaotangulia unasema "mali sina". Nikishasema "ungenioa", asiye na mali anakuwa yeye, kwa hiyo itanibidi niimbe "washindwa na mali huna". Hebu yasikieni maneno hayo mbele ya mama yake bwana harusi. Wimbo wa mapenzi unageuka masimango.

Tatu, kidege. Mama yangu alikuwa akiimba wimbo huu Jumapili jioni akinyoosha sare zetu kwa pasi ya mkaa. Anainua pasi, anaipuliza pembeni mpaka mkaa uwe mwekundu, ananyunyiza maji kwa vidole kwenye marinda ya sketi, ndipo anaendelea: "kidege, hukuwaza kidege". Mimi nikaelewa kwamba ndege analaumiwa, wewe kidege hukufikiri. Nilimwonea huruma sana ndege yule, nikijiuliza amekosa nini. Sasa mpiga solo wetu anasema maana yake ni "huwa nakuwaza". Na wengine nawasikia wanaimba "nakuwaza" kabisa. Ipi ni ipi?

Nimeusikiliza ukiimbwa na Fadhili William wa Kenya, Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Angélique Kidjo wa Benin na kundi la disko la Boney M. Kila mmoja ananivuta kwake. Nifuate nani? Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Mzee yule nampa heshima yake, sitaki kumharibia.

---

besi_la_pwani (Mombasa)

Mwanangu, pole na kazi, na hongera kwa kulichukua jambo kwa uzito. Mimi nimepiga besi kwenye hoteli za huku pwani zaidi ya miaka ishirini. Malaika tulikuwa tunaupiga karibu kila usiku, wageni wakila chakula cha jioni. Niliupiga mpaka nikaacha kuyasikia maneno yake. Nakwambia hili kwa masikitiko, maana siku moja mke wangu alikuja kazini, akasikiliza, akaniuliza mbona tunauimba huku tunacheka. Sikuwa na la kumjibu.

Anza na Fadhili William. Yeye na bendi yake ya Jambo Boys ndio waliotufikishia wimbo huu kwenye santuri, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu akaurekodi tena kwenye studio ya Equator ya Charles Worrod. Mtunzi ni nani, hapo watu hugombana. Fadhili alisema ni wake. Adam Salim, Mtanzania, akasema aliutunga yeye akiwa Nairobi miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyempenda na asimpate. Grant Charo na Lucas Tututu nao wametajwa. Fadhili alifariki mwaka 2001 na mabishano yakabaki palepale. Kwa kazi yako ya Jumamosi, chukua kwake jambo moja: yeye halii. Anasema shida yake kama kijana anayezungumza na mwenzake barazani, na gitaa linatembea naye taratibu.

Makeba ndiye aliyeupeleka duniani. Anaupunguza mwendo, anavuta irabu, kila neno analiacha lifike. Ila ningependa usikilize ule alioimba pamoja na Harry Belafonte, muimbaji wa Marekani, kwenye albamu yao ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Pale wanaimba wawili, mwanaume na mwanamke, kwa hiyo msikilizaji hapati nafasi ya kuuliza anayeoa ni nani. Huo ndio ushauri wangu. Mtafute mwanaume ndani ya bendi, hata kama sauti yake ni ndogo. Wewe imba "nakupenda Malaika", hilo halina mke wala mume. Likija suala la kuoa, mpe yeye.

Na ngoma zinyamaze ubeti wa kwanza wote. Mwambie kijana wako aweke vijiti chini kabisa, si kupiga polepole. Ngoma ikiingia mapema, watu wanaanza kucheza na maneno hayasikiki tena.

---

mwl_ngeli (Morogoro)

Dada, nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo niruhusu nimtetee kidege.

Wewe na mpiga solo wote mna haki. "Hukuwaza" ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza ni kukanusha wakati uliopita: wewe hu-ku-waza, yaani hukufikiri. Hapo "ku" ni alama ya wakati. La pili ni "hu" ya mazoea, ile ya "jua huchomoza mashariki", na "ku" ni wewe unayewazwa. Maana yake: kila mara nakuwaza. Yanaandikwa sawa, yanatamkwa sawa, mkazo uko palepale kwenye "wa". Kinachotofautisha ni yanayoyazunguka. Katika wimbo huu, kijana amekwisha kusema anapenda na hana uwezo, hivyo maana ya mazoea ndiyo inayokaa vizuri: ndege wangu mdogo, siku zote nakuwaza. Kidege ni yuleyule malaika, amebadilishiwa jina tu.

Wanaoimba "nakuwaza" wanaondoa utata, na mimi siwalaumu, ila kuna kitu kinapungua. "Nakuwaza" ni sasa hivi. "Hukuwaza" ni asubuhi, mchana na usiku, mwaka huu na mwaka jana. Bwana harusi wenu amesubiri miaka mitatu. Muimbie "hukuwaza".

Kuhusu "ningekuoa", sikushauri ubadilishe. Makeba na Kidjo ni wanawake na wote walimwachia kijana maneno yake. Muimbaji hubeba kauli ya mwingine. Kwenye taarabu tumezoea mwanamke kuimba shairi lililotungwa na mwanaume, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Umeona mwenyewe kwamba ukigusa neno moja, lazima uguse na la mali, na ukigusa la mali umemvunjia mtu heshima. Mwisho wa yote, hiyo "nge" uliyoitaja ni alama ya sharti ambalo halijatimia. Ningekuoa kama ningekuwa na mali. Shida ya mpiga ngoma wenu iko hapo, na ni shida ya kweli, maana Jumamosi sharti litakuwa limetimia.

---

mhamiaji77 (Hamburg)

Naandika kutoka Ujerumani. Nilipofika huku, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo mgahawani, na jikoni kulikuwa na redio juu ya friji. Siku moja ikapigwa Malaika ya Boney M., ile ya mwaka 1981. Nikasimama na sahani mkononi, povu linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wenzangu wa jikoni wakaanza kuuimba! Hawajui maana hata ya neno moja, lakini "nakupenda" wanaitamka vizuri kabisa. Sijui dada utaichukuliaje, watu wengi nyumbani hawaipendi ile kwa kuwa ni ya disko. Mimi siku ile ilinishika mkono. Hata The Hep Stars wa Sweden, bendi aliyokuwamo Benny Andersson kabla ya ABBA, waliimba Malaika kwa Kiswahili miaka ya 1960.

Kwa hiyo usiogope ngoma moja kwa moja. Ziweke mwisho, maharusi wakishakaa.

---

binti_wa_ukumbini (Tanga)

Shikamoo mzee wangu wa Mombasa, na ahsanteni wote. Narudi kuwapa mrejesho kwa sababu harusi ilikuwa jana.

Mwalimu, ile sentensi yako ya mwisho niliwasomea wenzangu mazoezini. Tukakaa kimya kidogo. Mpiga solo wetu, ambaye haimbi kamwe, akaanza kuimba chini chini akitafuta noti kwenye nyuzi, na alipofika mwisho wa ubeti badala ya "ningekuoa" akaimba "nimekuoa". Ni silabi tano zilezile, "nge" imekuwa "me" basi. Na mstari wa mali hakuugusa. "Mali sina", halafu "nimekuoa". Mpiga ngoma akaweka vijiti chini mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Tukaupanga hivi. Maharusi wakiwa mlangoni, solo na besi peke yake, mwendo wa Makeba. Mimi nikaimba ubeti wa kwanza na "ningekuoa" yake kama ilivyo. Wa pesa nikauimba bila kuunyoosha, kama Fadhili, kama mtu anayezungumza. Kwenye kidege nikaimba "hukuwaza" nikimtazama bwana harusi. Waliotembea polepole walikuwa wao wenyewe, sisi tukawafuata. Walipofika katikati ya ukumbi nikarudi nyuma hatua mbili, mpiga solo akasogea kwenye maiki. Sauti yake ni nyembamba na mwanzoni ilitetemeka. Akaimba "nakupenda Malaika" mpaka akafika pale, akasema "nimekuoa".

Si wote walioligundua. Nyuma ukumbini watu walikuwa wanapiga picha. Lakini bwana harusi alisimama. Bibi harusi alipiga hatua moja mbele akavutwa na mkono wake, akageuka kumtazama ana nini. Ndugu yangu wa Hamburg, ngoma tukaziingiza hapo, na meza ya shangazi zake wakainuka wote na vigelegele.

Yule mzee alikuja kunitunza. Alikuwa na noti moja, ameikunja mara nne, akaniwekea kwenye kiganja na kuufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hakusema kitu. Kofia alikuwa ameivua.

Leo asubuhi nilimpigia mama simu Muheza nikamuuliza, ulipokuwa unatunyooshea sare, "hukuwaza" yako ilikuwa ipi? Akaniuliza kwani ziko ngapi. Nikamwelezea kama mwalimu alivyonielezea, hu ya kukana na hu ya mazoea. Akanyamaza, nikasikia kuku wanalia nyuma yake. Kisha akauimba ule mstari kwenye simu, mara mbili, taratibu, kama anayejaribu funguo mbili kwenye kufuli moja.