Mjadala: Kiingilio cha mzunguko kisipande, na viwanja vipya vya AFCON vitenge viti vya mwananchi wa kawaida

Wadau wa soka, naomba tulijadili hili kabla AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika) haijatufikia mlangoni. Kila viti vikionekana vitupu kwenye televisheni, au kila klabu kubwa ikilia njaa, zinaibuka hoja mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kiingilio cha mzunguko, yaani viti vya bei ya chini visivyo vya VIP, ni kidogo mno, kipandishwe. Ya pili ni kwamba tunahitaji viwanja vikubwa zaidi. Ya kwanza naipinga bila kumung'unya maneno. Ya pili naikubali, lakini kwa sharti.

Tuanze na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Umefunguliwa 2007, unaingiza watu 60,000, na zaidi ya nusu ya viti vyake ni mzunguko. Kwa miaka mingi mechi ya kawaida ya Simba au Yanga pale imekuwa elfu tatu, elfu tano, na ikija dabi ya Simba na Yanga au mechi nzito ya CAF (shirikisho la soka Afrika) bei inasogea juu. Anayesema elfu tano ni hela ndogo anahesabu tiketi peke yake. Mchukue fundi ujenzi wa Gongo la Mboto anayetaka kumpeleka mwanawe akaone mpira kwa macho yake. Tiketi mbili, elfu kumi. Daladala kwenda na kurudi kwa watu wawili. Maji, kwa sababu jua la saa tisa pale juu halina huruma. Mtoto akiona jezi na vuvuzela nje ya uzio, hapo pana mazungumzo mengine. Mechi ikiwa ya saa moja usiku, wakati wa kutoka daladala zimeshakuwa za kugombania, kwa hiyo ni bodaboda. Elfu ishirini imekwenda na hajala.

Sasa fundi huyo huyo mtaani kwake kuna kibanda umiza, banda la kuangalia mpira kwenye TV kwa kulipia. Anaingia kwa jero (mia tano) au buku (elfu moja), anaona marudio ya goli, anarudi nyumbani kwa miguu. Kibanda hicho ndicho mshindani halisi wa mageti ya viwanja vyetu, na klabu inayopandisha mzunguko inamsukuma mteja wake kibandani kwa mikono yake yenyewe.

Najua jibu litakalokuja: klabu zina gharama, wachezaji wa kigeni wanalipwa, kambi na safari za CAF ni pesa. Ni kweli. Lakini mwaka 2021 TFF, shirikisho la soka nchini, na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na juu ya hapo wapo wadhamini wa ligi na wa klabu. Mdhamini analipia nini? Analipia watu. Analipia kelele, uwanja uliofurika, kamera ikizunguka na kuonyesha rangi moja kuanzia chini hadi juu. Mtu wa mzunguko ndiye anayeifanya picha hiyo iuzike. Kama klabu inataka zaidi, VIP A na VIP B zipo, wenye makampuni wapo, wapandishiwe wao.

Kuhusu ukubwa wa viwanja, tazameni kilichotokea Mei 2025. Simba imefika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Hali ya eneo la kuchezea pale Mkapa ikaleta shida, CAF ikaihamishia mechi ya marudiano New Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu 15,000. Viti 45,000 vikatoweka kwenye mechi kubwa kuliko zote za msimu. Nani alibaki? Si mtu wa VIP, huyo alipanda ndege au boti. Aliyebaki ni yule ambaye nauli ya boti kwenda na kurudi inazidi viingilio kadhaa vya mzunguko. Viti vikipungua, wa kwanza kutoka ni mnyonge. Ndiyo maana nasema viwanja viongezwe: si lazima mwingine wa 60,000, bali vya kati, na kwenye mikoa. Arusha unajengwa wa watu 30,000 na ushee kwa ajili ya AFCON. Nairobi wanajenga Talanta wa 60,000. Hizi ni fedha za umma. Sharti langu ni kwamba uwanja uliojengwa kwa kodi uwe na angalau nusu ya viti vya bei ya chini, na bei hiyo itangazwe mwanzoni mwa msimu, isibadilike kwa sababu tu mgeni ni Simba au Yanga.

Hapo kwenye mgeni ndipo panaponiuma zaidi. Mapato ya getini ni ya mwenyeji, kwa hiyo timu ya mkoani inasubiri mechi mbili za msimu kama mkulima anavyosubiri mvua. Wakubwa wakija, kiingilio cha buku mbili tatu kinaruka hadi elfu kumi, wakati mwingine kwenye uwanja usio na kiti, watu wamekaa kwenye ngazi za saruji au wamesimama nyuma ya waya. Shabiki wa Bukoba au Tabora anamwona mchezaji anayempenda mara moja kwa mwaka, na siku hiyo moja ndiyo anayokamuliwa. Siwalaumu sana viongozi wa timu hizo, maana mshahara wa wachezaji unatoka hapo. Lakini wangeuza tiketi za msimu mzima kwa bei ya kuvumilika, mechi za kawaida zisingechezwa mbele ya watu mia tatu.

Kuna wanaosema bei ndogo inaleta wahuni. Watataja Desemba 2024, fujo za mechi ya Simba na CS Sfaxien, viti vikang'olewa, na Simba ikaja kucheza na CS Constantine Januari 2025 bila mashabiki. Au watavuka mpaka hadi uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwenye CHAN (michuano ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025, watu walipovamia mageti na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji. Jamani, yule aliyeruka uzio hakulipa chochote. Bei ya tiketi inamzuia vipi? Anayezuiwa ni yule mstaarabu aliyepanga foleni tangu mchana.

Na foleni yenyewe tuizungumze. Siku ya mechi kubwa kijana wa getini anagusisha kadi kwenye mashine, inakataa, anaifuta kwenye suruali, anajaribu tena. Anayefuata amelipa kwa simu na meseji haijarudi. Nyuma yao watu wameanza kusukumana kwa sababu ndani kelele zimepanda. Tarehe 28 Mei 2023, kabla ya fainali ya Yanga na USM Alger pale pale Mkapa, msongamano wa namna hiyo uliua mtu mmoja na kujeruhi makumi. Mtu alitoka nyumbani kwake kwenda kuangalia mpira. Ukipandisha kiingilio kesho, mlango unabaki ule ule na mashine ile ile. Fedha ya kwanza ya uwanja wowote iende getini: milango mingi zaidi, mashine zinazofanya kazi, na tiketi ziishe kuuzwa kabla ya siku ya mechi.

Ongezeni na hili. Dabi ya 8 Machi 2025 iliahirishwa siku yenyewe, saa chache kabla ya filimbi. Kuna watu walikuwa wameshalala kwenye mabasi kutoka Mwanza na Mbeya. Ikaja kuchezwa 25 Juni, Jumatano. Mwenye kazi na aliyetoka mkoani, nauli yake nani aliirudisha? Tiketi iwe na masharti yaliyoandikwa: mechi ikiahirishwa, pesa inarudi ndani ya siku kadhaa, bila mtu kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Anayetaka mzunguko ufike elfu kumi aje na hesabu, si hasira: viti vingapi vitabaki vitupu, na mdhamini atalipa kiasi gani kwa uwanja wenye mapengo? Na ninyi wa viwanja vya mikoani, Kaitaba, Sokoine, Kirumba na Ali Hassan Mwinyi, tuambieni wakubwa walipokuja mara ya mwisho mlilipa shilingi ngapi na mlikaa wapi.