Serikali imeleta bomba mtaani wakati mimi nilishachimba kisima, hii ni haki kweli?

Kisima_Olasiti

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie kufikiri maana hili jambo linanikosesha usingizi.

Mwaka 2013 mimi na mke wangu tulichimba kisima kirefu hapa Olasiti, Arusha. Wakati ule huku kwetu bomba la serikali hakuna kabisa, watu wananunua maji ya boza au wanamtuma mtoto na punda na madumu manne. Tukauza ng'ombe, tukauza kiwanja cha Usa River, kilichobaki tukakopa, tukachimba, tukafunga pampu na simtanki mbili juu ya mnara. Kibali cha kutumia maji nilikifuata ofisi ya maji ya Bonde la Pangani na ada ya mwaka nalipa mpaka leo. Majirani wakaniomba niwavutie, nikatandaza bomba mpaka nyumba 31, kila moja na kamita kake, na barabarani nikaweka kioski, dumu la lita 20 shilingi 100.

Sasa mamlaka ya maji ya serikali imefika na ule mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa bilioni 520, ambao pesa yake nyingi ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wamechimba mtaro mbele ya geti langu, bomba jipya la bluu, na wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja. Nimebaki na nyumba 9. Umeme wa pampu nanunua bei ile ile, mkopo nimemaliza mwaka jana tu.

Swali langu ni hili. Serikali inatumia kodi, na ya kwangu imo humo, kuja kushindana na mimi. Mimi nikipata hasara nauza ng'ombe, wao wakipata hasara wanaongezewa bajeti. Huu ni ushindani gani? Si wangenunua kisima changu, au wangeanza na kule ambako hakuna mtu aliyechimba? Naomba majibu ya watu wanaoelewa, matusi hapana.

FundiBomba_Sakina

Pole sana kaka, na usifikiri watu hawaoni ulichofanya, mitaa mingi ya Arusha bila watu kama wewe watoto wangeendelea kufukuzana na punda. Ila mimi ni fundi, nafunga mabomba ya pande zote mbili, acha nikwambie nilichokiona.

Dumu 100, uniti moja ni lita 1,000 yaani madumu 50, hiyo ni 5,000 kwa uniti. Nyumba za wateja wangu waliounganishwa na mamlaka, bili yao kwa uniti haifiki hata nusu ya hapo. Wewe hujawaibia, pampu moja na umeme na mkopo havikuruhusu kushuka, lakini mama mwenye watoto watano akipiga hiyo hesabu huwezi kumlaumu.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Kisima chako umewahi kukipima floraidi? Sisemi kukutisha. Wote tunajua meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru, yanatokana na maji ya huku chini ya mlima, miamba ya volkano ndiyo inayotoa hiyo floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi Tanzania kwa miaka mingi kiwango chetu kilikuwa 4 kwa sababu maeneo mengine kuipata 1.5 ilikuwa haiwezekani. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Mamlaka inaweza kuchanganya maji ya vyanzo tofauti mpaka kiwango kishuke. Wewe una shimo moja, linachotoa ndicho wanachokunywa.

Kapime kaka, halafu urudi.

MamaK_Pasua

Mimi niko Moshi na ni mteja, sina kisima wala sina bomba la kumuuzia mtu, naongea kama mteja.

Kwetu zamani kidogo nilipokuwa nimepanga nje ya mji tulikuwa tunategemea mtu binafsi mwenye kisima kama wewe. Umeme ukikatika siku mbili, dumu lilikuwa linatoka 100 linakuwa 300, na unapanga foleni saa kumi na moja alfajiri umejifunga kanga kichwani kwa baridi, na ukilalamika unaambiwa kachote mtoni. Nilikuwa na mtoto mchanga, nepi zinanisubiri kwenye beseni, ungefanya nini, nalipa. Lakini niseme na upande wa pili, nilipohamia nyumba yenye bomba la mamlaka (mji sitautaja) maji yalikata siku nne, napiga simu ya huduma kwa wateja inaita mpaka inakata, naenda ofisini naambiwa fundi yuko njiani. Yule wa kisima angalau nilijua nyumbani kwake, nilikuwa nagonga geti anatoka na kaptula kunisikiliza.

Kwa hiyo kaka wa Olasiti usiondoke kwenye biashara, sisi wateja tukiwa na mmoja tu, awe serikali awe mtu binafsi, ndipo tunapoumia. Nakuomba usichukie majirani zako, hawajakukimbia wewe, wamekimbia 100.

Meku_wa_Machame

Shikamooni kwa wakubwa, wadogo marahaba. Nimefanya kazi ya umma miaka mingi na nimeona haya mambo yakienda na kurudi.

Mama K amesema wakiwa wawili mteja hapati shida. Kwenye simu ni kweli kabisa. Sisi tuliomba simu ya mezani enzi za shirika moja la posta na simu, ukiomba unasubiri miaka, na wengine walistaafu hawajaipata. Ilipofika 1994 ikaanza kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, zikaja nyingine, na leo kijana wa bodaboda pale stendi ya Moshi ana laini mbili tatu kwenye simu moja, asubuhi anatumia hii kwa sababu ya bando, jioni ile. Tangu 2017 unaweza hata kuhama mtandao na namba yako ile ile. Serikali yenyewe iliuza asilimia 35 ya TTCL, shirika lake la simu, mwaka 2001, ikainunua tena 2016, na TTCL leo iko sokoni na wenzake, ikizembea mteja anaondoka. Huo ndio ushindani, mteja ana mahali pa kwenda.

Maji siyo hivyo. Huwezi kutandaza mabomba mawili mpaka kila nyumba ya mji mzima, ni gharama ya bure. Mwenye bomba anabaki peke yake, na akishakuwa peke yake kumwita "sekta binafsi" hakumpi ushindani wowote. Mnakumbuka City Water Dar es Salaam? Wengi tuliambiwa kampuni ikishika maji ya jiji mambo yatanyooka kwa sababu ni watu wa biashara. Wakaanza 2003 kwa mkataba wa miaka 10, mwezi Mei 2005 serikali ikauvunja, kesi ikaenda mpaka baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, likasema mwaka 2008 kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji lakini haitalipa fidia. Miaka yote hiyo watu wa Dar walikuwa bado wanabeba ndoo. Mteja wa City Water hakuwa na laini ya pili ya kuweka kwenye bomba lake.

Kwa hiyo kwenye maji mimi siulizi mmiliki ni nani, nauliza nani anambana. Mamlaka haiwezi kujipandishia bei bila kupitia EWURA, wale wadhibiti wa bei za maji na nishati, na kabla ya hapo kuna mkutano wa wananchi, sasa hiyo mikutano watu hatuendi halafu tunalalamika kwenye daladala. Wewe mwanangu wa Olasiti ulipoweka 100 ulimuuliza nani? Sikulaumu, nakuuliza tu. Nyumba 31 hawakuwa na sehemu nyingine, ulikuwa mamlaka ndogo bila EWURA.

Na huku kwetu uchagani kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa kuleta maji mashambani, haukuwa wa serikali wala wa tajiri. Ulikuwa na mzee wake na zamu zake, siku ya kusafisha kila kaya inatoa mtu na jembe, asiyekuja anatozwa. Babu yangu alikosa siku moja, zamu yake ya maji ikarukwa migomba ikanyauka pembeni ya njia ili kila mtu aone. Hata miradi ya bomba ya wilaya ya Hai, kama Losaa-KIA na Uroki-Bomang'ombe, iliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani, iliendeshwa na bodi za watumiaji wenyewe, na mita ziliwekwa, na watu walilipa kwa sababu waliwajua wanaokusanya.

Nesi_Rombo

Meku shikamoo yangu uipokee. Mimi nazungumzia hoja ya kaka kwamba wangenunua kisima chake, kwa sababu kwenye afya jambo hilo lipo na linafanya kazi.

KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, ni ya kanisa, ipo chini ya Shirika la Msamaria Mwema tangu 1971, lakini ni hospitali ya rufaa ya kanda na watumishi wengi pale mshahara wao unatoka serikalini. Huku Rombo, hospitali ya Huruma ni ya kanisa na kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya. Serikali haikujenga nyingine ukutani kwake ili kushindana, ilikaa mezani ikasema wewe una majengo mimi nina mishahara, tuhudumie watu hawa hawa. Na tukumbuke mwaka 1977 tulipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kibiashara, tukazifungulia tena 1991, kwa hiyo tumeshajaribu kufuta upande mmoja na hatukufika mbali.

Ila makubaliano nayo yana maumivu yake. Machi 2024 hospitali binafsi nyingi zilisitisha kupokea kadi za NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya bei mpya za huduma, na ule mvutano wa bei aliyeupata ni mgonjwa. Niliona mzee amekuja na kadi yake kwenye mfuko wa plastiki amefunga na raba mbili, katoka hospitali aliyozoea kwa presha kaambiwa kadi haipokelewi, kapanda mabasi mawili kutufikia. Alikuwa anaiweka mezani kwa mikono miwili, anauliza kama na hapa nayo imekufa.

Kaka nenda mamlaka na barua, waulize kama wanaweza kukodi kisima chako kama chanzo cha akiba au kukupa eneo ambalo bomba bado. Usiende kwa hasira. Lakini vipimo kwanza, fundi ana haki.

Kisima_Olasiti

Nimerudi wakuu, samahani nilikaa kimya wiki mbili.

Meku swali lako limenikaa kifuani. Sikumuuliza mtu, nilipiga hesabu ya mkopo nikagawa. Na kweli kuna kipindi pampu iliungua nikapandisha mpaka 200 miezi miwili, na nilipoitengeneza sikushusha mara moja.

Maji nimepeleka maabara. Floraidi ni 5.2. Nilisoma karatasi mara tatu nikampa mke wangu naye akasoma. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwaka mmoja baada ya kisima, meno yake ya mbele yana madoa, sisi tulikuwa tunamgombeza hapigi mswaki vizuri.

Nimepita nyumba zote 9 kwa miguu nimewaambia wenyewe mdomoni, maji yangu msinywe wala msipikie, fueni na mwagilieni, ya kunywa chukueni bombani. Watano wamesema wanabaki kwa ajili ya bustani na mifugo, na jirani mmoja anayefyatua matofali anataka mkataba wa mwezi. Kioski nimefunga. Barua ya mamlaka nimeandika, sasa siyo ya kulalamika, nawaomba waangalie kama kinafaa kuchanganywa na maji ya chanzo kingine na kama hakifai waniambie hivyo.

Na mimi nimeomba kuunganishwa, fundi anakuja Alhamisi. FundiBomba naomba namba yako inbox, nataka bomba la jikoni litenganishwe kabisa na la kisima lisikutane popote, na nyumba ya wapangaji nyuma vile vile.