F-16CJ ya Tamiya 1/48: mstari kwenye kioo, rangi yenye punje, dekali zenye ukingo wa fedha

mkia_wa_jeti

Wakuu, habari za jioni. Mezani nina mfano wa plastiki wa ndege ya kivita F-16CJ Block 50 wa Tamiya, kipimo 1/48. Chumba cha rubani tayari, mwili umeunganishwa, bado mabawa. Kabla sijaanza rangi naomba mnisaidie haya:

Kioo cha rubani kina mstari mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Ukipitisha kucha inakwama. Nausugua au nauacha? Naogopa kukitia ukungu.

Rangi ni Mr. Color C305, C306 na C308, zote za kijivu, napuliza kwa brashi ya hewa yenye sindano ya milimita 0.3 na kompresa ndogo yenye tangi. Niko Kigamboni. Nikijaribu kwenye kijiko cha plastiki, mara inatoka na punje kama msasa, mara inashika utando mweupe. Thina ni ile ya wapaka magari.

Dekali nazo, yaani alama na maandishi ya kubandika kwa maji, nikijaribu kwenye kijiko hichohicho, ukingo wake unang'aa kama fedha.

La mwisho ni mpangilio wa kazi. Bomba la kuvutia hewa lina mshono ndani na sijui nilipake kabla au baada ya kulibandika.

FundiKibano

Nianze na kioo, maana wengi huharibu hapo.

Mstari huo si kasoro ya boksi lako. Kioo cha F-16 kimevimba kiunoni kisha kikajirudi ndani upande wa chini. Ukikitazama kwa mbele kinafanana na herufi ya Kigiriki omega. Kalibu ya vipande viwili haiwezi kukiachia kikiwa na umbo hilo, kwa hiyo hutumika kalibu inayofunguka na pembeni, na vipande vinapokutana juu ndipo mstari unapobaki. Wanaotaka umbo sahihi huukubali mstari.

Uondoe. Shika kisu kipya wima, makali yakiwa yamesimama juu ya mstari, ukwangue kwa kuburuta bila kukata. Nguvu ni ya kidole kimoja tu. Kucha ikiacha kukwama, nenda kwenye msasa wa maji: namba 1000 kidogo sana, halafu 1500, halafu 2000. Hizo zote zipo maduka ya rangi za magari. Kila namba isuguliwe kukatiza mwelekeo wa iliyotangulia, ili uone kama mikwaruzo ya mwanzo imekwisha kweli. Kosa la kawaida ni kuruka kutoka 1000 kwenda kung'arisha: kioo kinang'aa, lakini ukikiinua juani mikwaruzo yote inajitokeza.

Baada ya 2000 kitakuwa cheupe kama maziwa. Usiogope. Chukua dawa ya kung'arishia rangi ya gari, ile laini kabisa ya hatua ya mwisho, weka tone kwenye kitambaa cha pamba cha zamani na sugua kwa mizunguko midogo. Pumzika kila baada ya nusu dakika. Plastiki angavu ni kavu kuliko ile ya kijivu. Ikipata moto wa msuguano hupasuka vinyufa vidogo ambavyo havitoki tena. Dawa ya meno inasifiwa sana lakini punje zake hazilingani, mimi siitumii kwenye kioo kikubwa kama hiki.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, kisha puliza X-22, vanishi angavu ya Tamiya, ikiwa nyembamba. Hiyo hujaza mikwaruzo iliyobaki na uangavu hurudi wote. Marufuku: asetoni, thina, na gundi ya papo hapo. Mvuke wa gundi hiyo ndio unaoacha ukungu mweupe ndani ya kioo, hata kama gundi yenyewe haikugusa. Kioo kibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikizidi unafuta kwa kijiti chenye maji.

F-16 nyingi kioo chake kina kivuli cha moshi chenye udhahabu, kwa sababu ya utando mwembamba uliowekwa kupunguza mwangwi wa rada kutoka chumba cha rubani. Ukitaka kuiga, tone la X-19 (rangi ya moshi) na tone la X-24 (njano angavu) ndani ya X-22, pulizia upande wa ndani, tabaka mbili nyepesi. Ukizidisha itafanana na miwani ya jua.

chumvi_na_lacquer

Mkuu, punje na utando mweupe ni magonjwa mawili, dawa zake tofauti.

Punje maana yake rangi imekauka hewani kabla ya kutua. Ama ni nzito, ama presha ni kubwa, ama uko mbali. Thina ya magari inaongeza tatizo: muundo wake hubadilika kopo hadi kopo, nyingine ina asetoni nyingi, hukauka upesi na hula plastiki tupu. Ibakishe ya kuosha brashi ya hewa, na hata huko usiloweke vifaa ndani yake usiku kucha, mipira midogo ya kuzuia kuvuja itavimba.

Kwa Mr. Color tafuta Mr. Leveling Thinner. Rangi sehemu 1, thina sehemu 1.5 hadi 2. Ukitikisa kikombe, rangi iteremke ukutani kama maziwa, iache utando unaoonekana. Presha bar 1 hadi 1.2, umbali sentimita 8 hivi kwa maeneo mapana, 3 hadi 4 kwa mistari. Kila tabaka litue likiwa na unyevunyevu wa kung'aa kwa sekunde chache kisha lilale. Likitua tayari ni kavu, sogea karibu. Likikimbia na kufanya miguu ya buibui, ama rangi ni majimaji mno, ama umebonyeza sana.

Utando mweupe ni hewa ya pwani. Thina ikiyeyuka haraka hupoza uso wa rangi, mvuke wa maji ulio hewani unageuka matone juu yake na kunaswa ndani. Leveling Thinner huyeyuka polepole, hivyo nusu ya tatizo inaondoka yenyewe. Nusu nyingine ni saa. Alfajiri na usiku ndipo unyevu wa hewa unapokuwa juu kabisa. Pulizia kati ya saa nane na saa kumi mchana, siku isiyo na mvua. Weka chujio la maji kwenye mpira, karibu na brashi ya hewa kuliko kompresa, kwa sababu hewa ya moto ikitoka tangini hupoa njiani na maji hutokea hukohuko. Mwaga maji ya tangi kila ukimaliza kazi. Mvua ikikukatalia wiki nzima, ongeza Mr. Retarder Mild, isizidi asilimia 10.

Utando ukishatokea usisugue. Pulizia Leveling Thinner tupu, ukungu mwepesi, rangi itafunguka kidogo na maji yatatoka. Punje ndizo zinazosuguliwa: msasa 2000 wenye maji, kisha tabaka jipya.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa lacquer, yaani rangi za aina ya Mr. Color. Nunua ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na dirisha liwe wazi.

Panga_la_Rivet

Mpangilio. Bomba la hewa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote cha nje. Block 50 ina injini ya General Electric F110, kwa hiyo mdomo wake ni ule mpana, na macho ya mtazamaji huingia ndani moja kwa moja. Unganisha nusu za bomba, acha gundi nyembamba ikauke siku nzima, jaza mshono kwa Mr. Surfacer 500 (rangi nzito ya kujazia) kwa brashi, sugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Njia nyingine ni kumimina rangi nyeupe ya akriliki ndani, kulizungusha bomba, na kuimwaga kwa upande wa pili. Tabaka nene kidogo huficha mshono. Ziba sehemu ya feni isijazwe. Ndani ni nyeupe inayong'aa, kisha ukingo wa mdomo unarudi kwenye kijivu cha nje. Ule mpaka uzibwe kwa tepu nyembamba.

Halafu mabawa, halafu praima, yaani rangi ya msingi. Praima si urembo: ndiyo itakayokuonyesha mishono ambayo plastiki ya kijivu inaficha. Tazama hasa mahali mdomo wa hewa unapokutana na tumbo. Praima za makopo za magari zijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande. Nyingine huyeyusha ribiti na mistari ya paneli.

Rangi zifuate wepesi. C308, yaani FS 36375 (FS ni namba za rangi za kiwango cha Marekani), tumboni na chini ya mabawa. C306, FS 36270, sehemu ya mbele ya mwili na mkia. C305, FS 36118, juu ya mabawa na mgongo. Nyepesi kwanza kwa sababu giza hufunika nyepesi kwa tabaka moja, kinyume chake unajaza rangi mpaka mistari inazibika. Mipaka kwenye ndege halisi ni laini lakini mifupi. Kwa 1/48 ukungu wa milimita 1 unatosha. Viringisha gundi-udongo ya kubandikia picha ukutani iwe kamba ya milimita 4, ilaze kwenye mpaka, ziba kwingine kwa tepu, puliza ukiwa umesimama wima juu yake. Ukielekeza brashi chini ya kamba, rangi inaingia na mpaka unakuwa mpana.

Miguu ya magurudumu na mashimo yake ni meupe. Vibandike mwisho, pamoja na makombora na mrija wa puani. Mrija huo ukiuweka mapema utauvunja, hakuna mjadala.

bawa_kavu

Naongeza moja: kabla ya C308 piga mistari myeusi juu ya paneli zote, rangi ikipita juu yake inapata kivuli.

Panga_la_Rivet

Kwa F-16 mimi napinga. Ile ndege haichakai kwa kufuata paneli, inachakaa kwa mabaka: mafundi wanagusia rangi mpya hapa na pale, mafuta yanateremka tumboni. Ukipiga mistari myeusi unapata ubao wa drafti. Chukua C305 iliyotiwa matone ya nyeupe, puliza mawingu yasiyo na mpangilio juu ya mgongo, kisha funika kwa C305 nyembamba mpaka yakaribie kupotea.

bawa_kavu

Sawa, kwa kijivu cha Marekani nakubali. Kwa ndege ya rangi moja bado nasimama na mistari.

mkia_wa_jeti

Shukrani sana, wakuu. Thina ya magari nimeipeleka kwenye kuosha. Bado dekali. Na baada ya hii nataka F-5E ya Kenya, kipimo hichohicho. Nimesikia inakalia mkia, yaani pua inainuka yenyewe. Kweli?

Zuhura_48

Dekali. Ule ung'avu wa fedha ni hewa. Rangi isiyong'aa ina vilima vidogo, dekali inakaa juu ya vilima na hewa inabaki mabondeni. Kwa hiyo kabla ya dekali pulizia X-22, sehemu 1 kwa 2 za Leveling Thinner, mpaka uso uakisi taa. Subiri saa 24. Kijiko chako hakikuwa na vanishi, ndiyo maana.

Dekali za Tamiya ni nene kidogo, zinapenda maji ya moto, si ya kuchemka. Zitie sekunde 15, zitoe, ziache juu ya tishu hadi ziteleze zenyewe. Ukizisukuma mapema zinakatika. Chini yake paka Micro Set (dawa ya kushikisha dekali), ya chupa yenye lebo ya bluu. Iweke dekali, bonyeza maji yatoke kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Juu yake paka Micro Sol (dawa ya kulainisha dekali), lebo nyekundu, na hapo mikono nyuma. Itajikunja vibaya kwa dakika chache kama imeharibika. Ukiigusa wakati huo ndipo inaharibika kweli. Ukiiacha inalala na kuzama kwenye mistari. Penye fedha iliyobaki toboa kwa ncha ya sindano, rudia Micro Sol.

Maandishi madogo ya F-16 ni mengi. Fanya upande mmoja, acha ukauke, geuza. Baadaye futa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mabaki ya gundi yanageuka madoa ya kahawia. Tabaka jingine la X-22, kisha rangi ya kujaza mistari ya paneli: iwe ya mafuta na ya kijivu cha giza, nyeusi inapiga kelele juu ya C308. Weka tone kwenye mstari, litakimbia lenyewe. Usimwage thina yake nyingi kwenye viungo vya mabawa. Ikipenya hadi plastiki tupu iliyobanwa, kiungo kinapasuka. Funga kazi kwa vanishi ya nusu-mng'ao. Ile isiyong'aa kabisa, hewa ikiwa na unyevu, huacha vumbi jeupe juu ya kijivu cha giza.

FundiKibano

F-5E ni kweli, pua ni nyembamba na magurudumu makuu yako karibu na kitovu cha uzito. Za Kenya zilianza kufika 1978, nazo ni za umbo hilohilo. Kabla ya kufunga mwili, ushike kwa tepu pamoja na mabawa, mkia na nozeli (mdomo wa injini), ulaze juu ya penseli pale magurudumu makuu yatakapokaa, kisha ongeza chubwi za ndoana puani mpaka idondoke mbele. Halafu zidisha kidogo, kwa sababu rangi na vanishi vitaongeza uzito nyuma. Chubwi za risasi zishikwe kwa epoksi au gundi ya papo hapo. Gundi nyeupe ya mbao hula risasi taratibu, risasi inavimba kwa unga mweupe, na pua iliyokwisha pakwa rangi inafunguka mshono.