Naombeni ushauri: kuingia kwa Wakalash na askari mwenye bunduki nyuma yangu

Kijana wa Shela:
Assalam aleykum wenzangu. Nafanya kazi nyumba ya wageni hapa Lamu, kuna mteja wetu Mpakistani kanialika mwezi wa tano twende Chitral, kaskazini kwao, tukaone Chilam Joshi, sikukuu ya Wakalash baridi ikishaisha. Ni watu kama elfu nne tu waliobaki na dini yao ya jadi, wako mabonde matatu, Bumburet, Rumbur na Birir, milima imewazunguka na upande wa pili ni Afghanistan. Sasa ananambia mgeni wa nje mara nyingi anapewa askari wa kufuatana naye mpaka kijijini na hapo ndo roho inasita, wale watu hawana ugomvi na mtu, mie niingie uani kwao na bunduki? Niende ama niwaache na utulivu wao?

Dereva Mokowe:
Nenda kaka. Sisi tangu 2014 basi za Lamu zinasindikizwa na polisi, kwani abiria ndo mbaya? Bunduki ni ya njia na mpaka, si ya wenyeji. Mwezi wa tisa 2023 wanamgambo wa TTP, yaani Taliban wa Pakistan, walivamia vituo vya jeshi huko Chitral mpakani, ndo maana serikali yao haichezi. Beba kopi nyingi za pasipoti, jiandikishe polisi mapema na usimtoroke askari hata akikuchosha, manake ukipata shida lawama inamshukia yeye na mwenye nyumba uliyolala.

Binti Langoni:
Mie naogopa kamera kuliko bunduki. Si tunaona hapa hapa mtu anaingia kichochoroni anampiga picha mama barazani hata salamu hakutoa? Wanawake wa kule wanavaa kanzu nyeusi za tarizi na kilemba cha shanga na kauri kinashuka mgongoni, basi kila mgeni mbio na simu. Omba kwanza, akikataa yaishe. Na kuna nyumba yaitwa bashali, wanawake wanakaa wakiwa kwenye siku zao ama wakijifungua, huko usisogee kabisa.

Kijana wa Shela:
Shukran sana. Na askari, nimwambie abaki nje ya ua?

Mama wa Malindi:
Hilo aamue mwenye nyumba mwanangu, wewe muulize tu. Chai na chakula cha askari lipa wewe asiwe mzigo kwa watu. Lala kwa Wakalash wenyewe, hoteli nyingi za Bumburet ni za watu wa nje na hela hazibaki bondeni. Wana mvinyo wao wa zabibu, ukikaribishwa kataa kwa adabu lakini usianze kuwahubiria tafadhali, jamaa zao ng'ambo ya mpaka walisilimishwa kwa nguvu na amiri wa Afghanistan miaka ya 1890, nchi yao ikabadilishwa hata jina ikawa Nuristan, hawa waliobaki wamehubiriwa vya kutosha.

Dereva Mokowe:
Mama kamaliza. Kwenda Chitral mtapitia handaki la Lowari, halafu kwenye kijiji cha Ayun ndo mnaingia njia ya mabondeni, nyembamba na mto uko chini, kwa hivyo panda jipu mchana, usikubali safari ya usiku hata askari akisema twende.